Malewa ya pale chini ya soko Mbale, nimeyapima na kipimo cha bibi yangu

Watu wengi wakitoka Kampala kuja Mbale wanaonja malewa, zile chipukizi za mianzi zinazopikwa na sosi ya karanga, mara moja tu, tena mahali pabaya, afu wanarudi kusambaza maneno ati ni chakula kichungu, ati ni kama kutafuna moshi. Jamani hapana. Malewa yakiwa machungu ujue kuna mtu jikoni ameona uvivu, mlima hauna kosa hapo. Sasa mimi nataka kuwaelekeza mahali ambapo mpishi sio mvivu, na nitawaambia pia nimejuaje, kwa sababu huu ujuzi sikuupata hotelini wala kwenye simu, nilipewa na bibi yangu mzaa mama, na mpaka leo nikikaa kwenye meza ya watu namshukuru huyo mzee hata kabla sijanawa mikono.

Hoteli yenyewe iko upande wa chini wa soko kuu, ile barabara bodaboda wanapaki mpaka mtu wa miguu anakosa pa kupita. Jina haina, yaani kulikuwa na ubao zamani lakini mvua ilishaufuta na mwenyewe hajaona haja ya kuandika mwingine. Ukimwambia boda "nipeleke pale pa malewa chini ya soko" anakufikisha kwa shilingi 1,000 ya Uganda, akisema 2,000 ameona begi lako. Ndani kuna meza chache na mabenchi, jikoni kumefungwa na pazia la maua, TV iko juu inapiga kelele na hakuna anayeiangalia. Mimi napenda benchi la nje kwa sababu ukikaa hapo unauona mlima wa Wanale wote mbele yako, na kama usiku imenyesha unaona yale maporomoko yake membamba ya maji yanashuka kwenye mwamba. Hiyo hawakuchaji.

Kwa wasiojua, hizi chipukizi zinatoka kwenye mianzi ya Mlima Elgon, sisi Wagisu tunauita Masaba. Mianzi iko juu sana, huko kwenye mita 2,400 kwenda juu, watu wanapanda wakati wa mvua wanavunja chipukizi, wanazikausha juu ya moto wa kuni mpaka zinakuwa kahawia nyeusi, afu wanafunga mafungu mafungu. Sio kwamba mtu anaamka tu asubuhi anaenda kuvunja, tangu mlima ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1993 vijiji vya pale mpakani mpaka viwe na makubaliano na UWA, ile mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ndo watu wanaruhusiwa kuingia kuchukua. Kwa hiyo mtu akikwambia sahani ya malewa ni 8,000 wakati maharage ni 4,000, usianze kulia, kuna mguu wa mtu umepanda huko juu.

Bibi yangu alitoka huko. Upande wa juu wa Namisindwa, ingawa siku zake kote huko kulikuwa Mbale tu, hizi wilaya zimezaliwa juzi juzi. Alikuwa ananunua malewa kwa wapandaji, anayachagua, anayafunga upya na ngozi ya mgomba, afu siku ya soko anayabeba kichwani mpaka Lwakhakha, mji wa mpakani, kuyauzia watu wa upande wa Kenya. Wale wa huko, Wabukusu, ni ndugu zetu, chakula wanakijua, tohara yao na yetu ni mwaka mmoja, huwezi kumdanganya Mbukusu kwenye malewa. Na hapo Lwakhakha ndo Kiswahili chake kilitokea, cha kuhesabu pesa na kugombana na makanga, afu akakileta nyumbani akatufanya wajukuu tukiongee, kwake ukitaka nyongeza ya mchuzi unaomba kwa Kiswahili la sivyo sahani inabaki vile ilivyo. Juzi mwaka 2022 baraza la mawaziri limepitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, mimi nikacheka, maana sisi kwa bibi tulishapitishiwa kitambo na adhabu yake ilikuwa njaa.

Sasa turudi kwa sahani.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipofika pale ni kuomba kuona malewa makavu kabla hayajapikwa. Najua ni ujeuri, mtu amekuja kula chakula cha mchana anaomba kukagua stoo, lakini nimelelewa hivyo. Bibi alikuwa anachukua kipande anakivunja karibu kabisa na sikio lake. Kikilia ta! kinaingia kwenye kikapu. Kikikunjika bila kulia anamrudishia mwenyewe bila hata kuongea, kwa sababu hicho bado kina maji ndani na kitaota ukungu njiani. Afu ananusa. Moshi wa kuni ni sawa, harufu ya gunia la chini chini hapana. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye ncha siku zote, masizi yalishaingia kwenye mistari ya ngozi, hata Jumapili ameoga amevaa gomesi yake ya kanisani ukimshika mkono unasikia moshi wa malewa. Mimi kile kijana cha kuhudumia kiliponiletea kipande nikakivunja sikioni mbele ya wateja. Kikalia. Wateja wakaniangalia vibaya kidogo lakini nikajua hapa tunaweza kukaa.

Cha pili ni maji. Hapa ndo hoteli nyingi zinaharibu. Malewa unayaloweka usiku kucha, asubuhi unaosha, unachemsha na magadi ya majivu (majivu ya maganda ya ndizi au ya maharage, unamwagia maji juu yanachuja chini) na yale maji ya kuchemshia unayamwaga, usiyaonee huruma. Chipukizi za mianzi mingi zikiwa mbichi zina sumu kidogo, aina ya sianidi, na uchungu mwingi unatokea hapo, kwa hiyo kuchemsha na kumwaga sio mapambo ya wazee, iko na sababu. Bibi hakujua neno sianidi. Yeye alikuwa anasema "maji ya kwanza ni ya mlima, wape mlima wake," anayamwaga nyuma ya nyumba, anaweka mengine.

Basi nikasogea pale kwenye pazia nikamwita mwenye hoteli, mama mtu mzima amejifunga leso kiunoni.

"Shikamoo mama. Haya malewa maji yake unamwaga mara ngapi?"

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Marahaba. Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

"Bibi yangu."

"Wa wapi?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka mwiko ukagonga sufuria. "Mara mbili, na siku ambazo yamekuja magumu mara tatu. Kaa chini, wewe sitakuchotea ya juu."

Ambao mnakula sosi ya karanga mnaelewa alichosema. Uzito unakaa chini ya sufuria na wageni wasiouliza wanapewa ya juu juu.

Sahani ilikuja na matoke na ugali wa wimbi, ndo mchanganyiko ninaoupenda, ingawa unaweza kuchagua posho au wali au viazi. Malewa yamekatwa vipande vidogo sio marefu, laini lakini bado yanapigana kidogo na meno, uchungu hakuna kabisa, moshi upo kwa mbali unakuja mwishoni ukishameza. Chumvi niliiona imezidi kidogo, hiyo nitasema ukweli, nadhani ile magadi ilikuwa kali afu akaongeza chumvi bila kuonja. Lakini karanga. Karanga jamani! Juu ya sosi kulikuwa na mafuta yake yenyewe, yale madoa mekundu-mekundu yanayojitokeza karanga zikiiva vizuri, na chini yake nzito bila mabonge. Hiyo huwezi kuipata kwa robo saa. Kuna hoteli nyingine mjini hapa, jina silitaji, niliwahi kupewa sosi nzito inasimama kabisa na kijiko nikafurahi, kuonja ni unga wa mahindi umechanganywa ndani, rangi ya karanga ladha ya uji.

Kwenye karanga ndo bibi alitutesa zaidi. Alikuwa hanunui iliyosagwa na mtu mwingine, hata siku moja, alikuwa anasema karanga iliyosagwa huwezi kuiuliza maswali. Ananunua zile ndogo nyekundu na maganda yake, tunabangua wajukuu wote tumekaa kwenye mkeka, afu anazimwaga kwenye ungo na kuanza kuchambua moja moja, iliyosinyaa tupa, yenye ukungu tupa, yenye doa jeusi tupa, na sisi tunalia kimoyomoyo kwa sababu hizo anazotupa ni chakula kabisa kwa macho ya mtoto mwenye njaa. Baadaye nimekuja kusoma kuhusu aflatoksini, ile sumu ya ukungu wa karanga na mahindi ambayo inaharibu ini, tena kuipika hakuiondoi, nikabaki nimeduwaa na kitabu mkononi. Huyu mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja na sisi wajukuu wote ini zetu alizichambua kwenye ungo.

Afu kukoroga. Karanga ukiiweka kwenye moto inataka mtu, ukigeuza macho imefurika imezima moto, ukiacha kukoroga imeshika chini. Kazi hiyo alikuwa anampa mwenye njaa kuliko wote, kwa makusudi. Mimi nilikuwa nashika mwiko nauliza, kukhu (yaani bibi) bado? Bado. Bado? Na yeye anajibu bila kugeuka, "karanga haina haraka, mwenye haraka ni wewe." Nimekuwa mtu mzima, nafanya kazi ya ofisi yenye makaratasi na mabosi, na naomba niwaambie hiyo sentensi imenizuia kutuma barua pepe nyingi sana za hasira.

Yule mama wa hoteli karanga anasaga mwenyewe, nilimwona binti yake anachambua kwenye ungo pale mlangoni. Sikuuliza zaidi. Nilikula nikamaliza nikaomba nyongeza, kwa Kiswahili.

Sasa lawama, maana nisiposema mtaenda afu mtanitukana. Huduma ni polepole na kijana wa kuhudumia yuko kwenye simu yake muda wote, unamwita mara ya tatu ndo anashtuka ati "yes please". Sahani ya kwanza ya matoke ilikuja imepoa imeanza kukauka juu, nikairudisha, wakabadilisha bila maneno, hapo nawapa heko. Ukilipa kwa mobail mani wanakuongezea hela ya kutolea, kwa hiyo beba keshi. Maji ya kunawa yapo na sabuni ipo. Choo kiko nyuma, bora umalize shida zako kabla hujatoka nyumbani.

Na kahawa! Hii imeniuma. Uko Mbale, kwenye miguu ya Masaba, arabika ya huku inauzwa mpaka ng'ambo kwa jina la Bugisu, unaomba kahawa unaletewa maji ya moto na kopo la ile ya unga ya kiwandani na kijiko. Bibi alikuwa na miti yake ya kahawa, nyingi aliipeleka kwenye ushirika, BCU (Bugisu Cooperative Union), kile chama kilichoanza mwaka 1954, lakini kila msimu alikuwa anaficha kidogo kwa ajili ya wageni, anaikaanga kwenye chungu kilichovunjika, anatwanga, anaitilia tangawizi. Wengi walikuwa wanauza yote na kunywa chai, sijui kwa nini tulikubali hivyo. Mwambieni yule mama anunue kilo moja tu ya kahawa pale pale sokoni aikaange. Mimi nilimwambia akasema "watu hawaombi". Basi muombe.

Kuna kitu kingine nilikiona pale ambacho hakiko kwenye menyu. Saa nane hivi, sufuria ya malewa imeshakaribia kuisha na kuna watu wamesimama wanasubiri, mwenye hoteli alichota sahani moja akaifunika na jani la mgomba akaiweka pembeni kwenye jiko. Mteja mmoja akasema si unipe hiyo. Akajibu hii ina mwenyewe. Nikadhani ni ya mume au ya mtoto. Baadaye akaingia mzee mmoja mbeba mizigo wa soko, gunia bado begani, hakuagiza, hakulipa, akapewa ile sahani akala amekaa kwenye ngazi. Hakuna aliyesema kitu, inaonekana ni kila siku. Mimi nilibaki nimeshika kijiko, maana kwa bibi kulikuwa na hiyo, fungu la mtu wa njia, sahani inayofunikwa hata kama sisi wenyewe hatujashiba, na nilivyokuwa mtoto niliichukia hiyo sahani kwa moyo wangu wote. Mara nyingine mtu wa njia hakuja, na hata hivyo hatukuruhusiwa kuigusa mpaka asubuhi.

Sijawahi kumwambia bibi asante kwa hivi vitu, na sidhani angeelewa asante ya nini, angesema umekula ondoka ukaoshe sufuria. Mama yangu ndo mtoto wake wa kwanza kwenda shule mpaka akawa mwalimu, na ada yote ilitoka kwenye yale mafungu ya Lwakhakha, mama anasema madaftari yake yalikuwa yananuka moshi mpaka wenzake wanamcheka darasani. Huyo mwalimu ndo alinisomesha mimi. Kwa hiyo nikilipa 8,000 kwa sahani ya malewa najua vizuri hii biashara inaweza kufanya nini kwenye nyumba ya mtu, na silalamiki.

Mkitaka kubeba nyumbani, njooni na chombo chenu. Wakikosa chombo wanakufungia sosi ya moto kwenye kavera, mfuko wa plastiki, na hiyo mimi sikubali, ila ukiomba vizuri yule mama anaweza kukufungia na jani la mgomba lililopitishwa motoni, inafika Kampala salama kama hamtakwama sana njiani. Mkitaka makavu ya kupika wenyewe, ingieni sokoni wanakouza, msinunue fungu bila kulifungua, wengine wanaweka mazuri nje na mabovu katikati. Vunja sikioni. Muuzaji akikasirika nenda kwa wa pili, muuzaji mzuri hakasiriki, anajua unachotafuta na mara nyingi anatabasamu. Mimi niliondoka na fungu la 5,000 na nimempelekea mama, akalivunja sikioni kabla hata hajaniambia karibu.

Mwaka wa imbalu, ile tohara yetu, yaani ule wa namba shufwa kama 2022 na 2024, kuanzia Agosti mji unajaa, ngoma ziko kila barabara, malewa yanapanda bei na hapo kwa huyo mama hupati hata pa kusimama. Nendeni miezi mingine kama mnataka kula kwa utulivu. Jumapili wanafunga. Fika kabla ya saa saba, baada ya hapo ni bahati yako, na ukikuta sahani moja imefunikwa na jani pembeni ya jiko usiiombe.

Nawapa nne na nusu kwa tano. Ile nusu nimeikata kwenye kahawa, choo nimewasamehe.